Nilipanda Mweka haraka kuliko nilivyoteremka

Katika Kilimanjaro Marathon, kuanzia nusu ya safari barabara inapanda kuelekea Mweka hadi karibu na kilomita ya 32, kisha inageuka na kuteremka tena hadi Moshi mjini. Mimi nilipanda kwa wastani wa dakika 6 na sekunde 42 kwa kilomita. Nikateremka kwa dakika 7 na sekunde 21. Namba hizo mbili nimeziandika kwenye daftari langu la mazoezi na kuzipigia mstari, maana mkimbiaji aliyeteremka mlima polepole kuliko alivyoupanda hahitaji kuulizwa mengi. Mbio zake aliziharibu kabla hajaufikia huo mlima.

Leo ni siku ya 23 tangu nirudi nyumbani Fungurume, Kongo. Nimekuwa na muda wa kutosha wa kuipitia saa yangu kilomita kwa kilomita, kwa sababu wiki ya kwanza nzima sikuweza kufanya kingine.

Lengo langu lilikuwa saa 3:50, yaani dakika 5 na sekunde 27 kwa kilomita. Kilomita 10 za kwanza, kwenye barabara ya kuelekea Dar es Salaam, nilizimaliza kwa dakika 51. Sikujiona nakimbia kwa nguvu. Asubuhi ilikuwa bado na ubaridi, watu walikuwa wengi mbele na nyuma, na Moshi mjini iko chini kidogo kuliko kwetu hapa Lualaba, tunakoishi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Pumzi ilikuwa inaingia yenyewe. Nusu ya mbio niliipita kwa saa 1:50, nikiwa nimejiwekea akiba ya dakika tano. Nilifika kwenye geuzo la Mweka saa 3:03. Zilizobaki, kilomita 10 na ushei, zote za kuteremka, zilinichukua saa 1 na dakika 15. Jumla saa 4:18. Ile akiba ya dakika tano ilinigharimu dakika 28.

Akiba ya muda haipo katika marathoni, na sababu yake ni ya hesabu tu. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini kwa umbo la glikojeni, kiasi cha gramu 500 hivi kwa mtu aliyekula vizuri, sawa na kilokalori 2,000. Kukimbia hula takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 65 kama mimi anahitaji zaidi ya kilokalori 2,700 ili amalize. Pengo hilo huzibwa na mafuta ya mwili na kile anachokunywa njiani. Lakini kadiri unavyoongeza mwendo, ndivyo mwili unavyochota zaidi kwenye wanga na kuyaacha mafuta. Kwa hiyo kila sekunde niliyoivuna kwenye tambarare niliilipia kwa wanga ambao ningeuhitaji baada ya kilomita ya 30, na kwa bei ya juu.

Wakubwa wa mchezo huu nao wamelipa bei hiyo. Eliud Kipchoge alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:01:09 mjini Berlin mwaka 2022, nusu ya kwanza aliikimbia kwa dakika 59 na sekunde 51, ya pili kwa saa 1:01:18. Mwaka uliofuata, tarehe 8 Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alipita nusu ya Chicago kwa saa 1:00:48. Mtu angewaweka bega kwa bega hapo, Kiptum angekuwa nyuma kwa sekunde 57. Nusu ya pili aliimaliza kwa dakika 59 na sekunde 47, na rekodi ikawa saa 2:00:35. Karibu miezi sita kabla ya hapo, London, alifanya jambo lile lile: saa 1:01:40, kisha 59:45. Najua Berlin si Chicago na siku hazifanani. Hata hivyo kijana yule wa Elgeyo Marakwet, aliyefariki Februari 2024 akiwa amekimbia marathoni tatu tu, alionyesha mara mbili mfululizo kwamba mbio hizi zinaweza kuanzia kilomita ya 30.

Ninayemkumbuka zaidi lakini ni Juma Ikangaa. Askari yule wa Tanzania alikuwa na mtindo mmoja: kwenda mbele tangu mwanzo na kuwavuta wote hadi wachoke. Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja, saa 2:08:43 kwa 2:08:44. Mwaka 1990 Gelindo Bordin wa Italia alimwacha kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Njia ya Boston huanza kwa kuteremka kutoka Hopkinton, halafu vilima vya Newton vinakuja mapaja yakiwa yameshapondwa. Ikangaa aliyatoa mapaja yake mapema. Simlaumu, maana mtindo huo huo ulimpa ushindi wa New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, iliyokuwa rekodi ya mbio zile. Alikuwa shujaa wa kweli. Lakini ukiwa na njia inayoteremka mwanzoni, kwenda mbele mapema ni kukopa.

Kisha mtazame Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzake, Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025. Mashindano ya dunia hayana wadhibiti kasi, na siku ile kulikuwa na joto na unyevu mkali. Simbu hakuzivuta mbio. Alijificha ndani ya kundi, akaacha wengine wapasue upepo, akaingia uwanjani bado ana kitu miguuni, na kwenye mita za mwisho akampata Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ikawatenganisha kwa sekunde 0.03. Wastani wake ni dakika 3 na sekunde 5 kwa kilomita, na kwa mtu aliyekimbia Boston kwa saa 2:05:04 mwezi Aprili huo ni mwendo wa kujizuia. Huko ndiko kukimbia kwa akili. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha.

Kati ya Boston na Tokyo Simbu alikuwa na wiki 21 kamili. Kiptum kati ya London na Chicago alikuwa na wiki 24. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kukimbia, na bado wanaupa mwili karibu nusu mwaka. Hapa kwetu nawafahamu vijana wanaokimbia marathoni Jumapili na kurudi mazoezini Jumatano ili wasionekane dhaifu.

Nieleze miguu yangu ilivyokuwa. Nilipofika nyumbani, baada ya ndege hadi Lubumbashi na basi la kupitia Likasi, sikuweza kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta kwa mikono miwili. Kupanda ngazi ya mlangoni niliweza. Kuishuka niligeuka nyuma kama mtu anayeshuka kisimani. Mama anayeuza munkoyo kwenye kona yetu aliniangalia nikivuka barabara, akasema, «Baba, unatembea sawa mutu muzee!» Akanimiminia kikombe kikubwa bila kunidai.

Kwamba kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda ni ushahidi wenyewe. Kila mtu wa Fungurume amewaona madereva wa malori ya shaba kwenye barabara ya taifa, wakielekea Kasumbalesa. Dereva mzoefu aliyebeba mzigo hauteremki mlima kwa kukanyaga breki tangu juu hadi chini. Anaweka gia nzito na kuiachia injini ishike, kwa sababu breki zilizopata moto hazishiki tena. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki za mkimbiaji. Katika kuteremka, misuli hiyo hukaza huku ikivutwa, na ni mvuto huo unaochana nyuzi zake ndogo ndogo. Ikiwa bado ina nguvu, inavumilia. Mimi niliifikisha Mweka ikiwa imekwisha, halafu nikaitaka inishikilie kilomita 10 za mteremko. Maumivu yalifika kileleni siku ya pili na ya tatu, kama yanavyofanya kwa kila mtu, lakini kwangu yaliondoka siku ya tisa. Mwaka niliokimbia kwa utulivu yaliondoka siku ya nne.

Kuhusu tiba sina mengi, kwa sababu mengi hayafanyi kazi. Siku tatu za mwanzo nilitembea dakika 20 asubuhi na jioni, nikala bukari, kapenta na sombe, nikanywa munkoyo wa siku moja, ambao haujachachuka sana na umejaa wanga. Glikojeni huchelewa kurudi kwenye misuli iliyochanika, kwa hiyo nilikula vizuri wiki nzima, si siku ile tu. Nililala mapema. Sikumruhusu mtu anikande kwa nguvu, maana nyuzi zilizochanika hazihitaji kusuguliwa.

Jambo moja nalisema kwa sauti ya juu: vidonge vya maumivu. Farmasi za barabarani zinauza ibuprofeni na diklofenaki kama pipi, na wakimbiaji wengi wanameza kabla ya mbio na mara baada yake. Mwili uliopungukiwa maji tayari unazibana figo, na dawa hizo hupunguza zaidi damu inayozifikia. Maumivu ya paja yatapita yenyewe. Figo haina mbadala hapa Lualaba. Ndugu zangu, acheni hilo.

Wiki ya pili sikukimbia, nilitembea tu na kuendesha baiskeli. Siku ya 16 nilikimbia dakika 20 kwenye njia ya udongo iliyolowa mvua, laini kwa miguu, na sikuitazama saa.

Mpango wa kurudi Moshi nimeshauandika. Tambarare dakika 5 na sekunde 25 kwa kilomita hadi nusu, wapite wanaotaka kupita. Mlima wa Mweka dakika 6 kamili, bila kushindana na mtu. Mteremko dakika 4 na sekunde 55, hatua fupi, magoti yamelegea kidogo. Jumlisha: inatoka saa 3:50, ile ile niliyoitafuta. Nusu ya kwanza kwa mpango huu ni polepole kwa zaidi ya dakika nne kuliko niliyoikimbia.

Nawe uliyekimbia hivi karibuni, andika leo muda wako wa kilomita ya 5 na wa kilomita ya 35, kabla hujasahau, na pembeni yake andika siku uliyoweza kushuka ngazi bila kushika kitu. Yangu yako hivi: 5:04, 7:30, siku ya tisa.