Kulipima Jipu la Familia Kuanzia Safu ya Tatu

Mtu wa Lubunga atakaye gari la kumchukua yeye na mkewe, watoto wao, na mama mkwe aliyekuja kuwatembelea na hana tarehe ya kurudi, aghalabu huanza uchaguzi wake mahali anapopenda dalali aanze, yaani mbele: hufunguliwa boneti, akaonyeshwa injini iliyooshwa hata ikang'aa, akakalishwa penye usukani, akawashiwa redio, kisha akaambiwa, "Papa, mutuka hii iko muzima, haina shida." Ama mimi huwausia wenye haja hiyo waanze mwisho wa gari, wafungue mlango wa nyuma, waisimamishe safu ya tatu ya viti, waingie wakae, wala wasiwe na haraka ya kutoka, kama mjuzi wa kanzu ageuzavyo kwanza upande wa ndani wa mshono kabla hajaisifu darizi ya kifuani.

Mtengenezaji hulipamba zaidi lile eneo linalopigwa na jicho la kwanza la mnunuzi, na safu ya tatu ndiyo inayotazamwa mwisho, tena wengi hawaitazami kabisa. Basi pale ndipo ubahili wake unapodhihiri, na uaminifu wake vilevile. Tena karibu kila gari linalofika kwetu limekwisha kutumika Japani, au Ghuba, au Marekani, na habari za maisha yake huko zimefutwa na sabuni, rangi na maneno matamu. Safu ya tatu haisafishwi kwa bidii hiyo. Katika nyumba za Kijapani viti vile hukunjwa siku ya kwanza vikakaa vimekunjwa miaka, hata kitambaa chake hubaki na ubichi wa kiwandani. Kwa hiyo ukikikuta kiti cha nyuma kimechakaa kuliko cha katikati, fahamu kwamba gari lile lilichukua abiria wa kulipa, na ile namba ya kilomita iliyo kwenye mita, hata iwe ndogo namna gani, isikutulize moyo.

Kabla sijaingia katika ukaguzi wenyewe ni lazima niseme mahali petu palivyo, maana gari jema la Nairobi huweza kuwa balaa hapa. Komini ya Lubunga iko ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, na komini nyingine za Kisangani ziko ng'ambo ya kuume, na baina yao hapana daraja: mtu huvuka kwa mtumbwi, na gari huvuka kwa pantoni, au halivuki. Kwetu ndiko inakoanzia reli ya kilomita 125 iliyokamilika mwaka 1906, ikapelekwa mpaka Ubundu ili mizigo iyakwepe maporomoko ya Boyoma, na kwetu ndiko zinakoanzia njia za udongo za kwenda Ubundu na Opala. Tu karibu mno na ikweta, hata hapana mwezi unaopita bila mvua. Basi gari la familia ya Lubunga lina kazi tatu zisizofanana: kupita taratibu mitaani baina ya baiskeli za toleka zichukuazo abiria na pikipiki, kupanda na kushuka pantoni, na mara mojamoja kuutumbukia udongo mwekundu ulioloa.

Magari ambayo sote twayaita jipu ni ya maumbile mawili. Liko lile ambalo mwili wake umewekwa juu ya chesisi ya chuma, kama Toyota Prado. Na liko lile ambalo mwili na sakafu ni kitu kimoja, kama gari dogo la mjini lililoinuliwa, na hilo ndilo krosova, kama vile Toyota Vanguard, Kluger, Highlander, Mitsubishi Outlander, na Nissan X-Trail ya miaka ya karibuni. Wako wanaolidharau krosova wakadhani kwamba kukosa chesisi ni kukosa uanaume, na hiyo ni dhana ya watu wasiolipa mafuta wenyewe. Krosova ni jepesi, hunywa kidogo, sakafu yake iko chini hata bibi huingia bila kunyanyuliwa, na kwa kuwa halina chesisi ya kupandiwa juu yake, miguu ya abiria hupata pa kushukia. Prado ya mwaka 2002 hadi 2009, pamoja na heshima yake yote, viti vyake vya nyuma hutundikwa ubavuni penye madirisha, na vikishushwa humkalisha mtu magoti yakiukaribia uso. Ile iliyoifuata mwaka 2009 ilivilaza sakafuni, ikawa afadhali, lakini mkao ni ule ule wa kujikunja.

Sasa ukae. Asikae mtoto wala mtu mfupi, bali mtu mzima wa kimo cha wastani, na safu ya katikati isogezwe mahali ambapo nayo yaweza kukaliwa kwa adabu, maana hila ya madalali ni kuisukuma mbele kabisa ili nyuma pawe peupe. Tazama visigino: je, vyaweza kuingia chini ya kiti cha mbele yako? Tazama mapaja: yakiwa yameachana na kiti, yananing'inia hewani, mtu yule baada ya saa moja atalalamika kiuno, na kama ni mzee atalalamika siku tatu. Inua mkono kichwani uone nafasi iliyobaki, kisha ugeuke ukipime kioo cha mlango wa nyuma kiko umbali gani na kisogo chako. Mimi nikiona kisogo na kioo vimekaribiana kiasi cha kiganja, hulihesabu gari lile kuwa la watu watano wenye viti viwili vya dharura, na bei yake huihesabu hivyo hivyo. Kisha utafute tundu la hewa. Joto la Kisangani ni la unyevu, na watu saba waliofungiwa vioo mvua ikinyesha hawawezi kupozwa na tundu mbili zilizo mbele tu. Kama paa au ubavu wa nyuma hauna tundu, au lipo na halitoi kitu, abiria wa nyuma watatapika kabla ya nusu ya njia ya Ubundu.

Halafu uvute mkanda wa kiti kile, uuvute wote mpaka mwisho wake. Huu ndio ukaguzi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu hauhitaji fundi wala chombo. Mkanda wa nyuma, kwa kuwa hautumiki, hutakiwa uwe safi kama siku ulipofumwa. Ukikuta katikati yake mstari wa rangi ya chai, upande mmoja mweupe na upande mmoja umefifia, basi maji yalisimama ndani ya gari lile kwa kimo hicho, na waya za sakafuni zitaanza kuoza mwaka wa kwanza au wa pili. Mikanda mingi imeshonewa kitambulisho kidogo chenye mwaka wa kutengenezwa. Ukiwa mwaka huo umeupita mwaka wa gari kwa mingi, uulize ule wa asili ulikatwa na nini. Baada ya mkanda inua zulia chini ya kiti, upapase skrubu za reli za viti kwa kidole. Kutu ya hapo haitoki kwa mvua ya njiani. Na gari la Ghuba hudhihirika hapo hapo: utakuta chembe za mchanga katika mifereji ya mpira wa milango, na mpira wenyewe umekauka, jambo ambalo halidhuru kitu katika jangwa lakini hapa huingiza maji.

Iko ila nyingine ambayo sijaona dalali akiitaja, nayo yahusu upande wa mlango. Katika Kongo magari hupita kuume, na Japani hupita kushoto. Basi gari lililotengenezwa kwa ajili ya Wajapani, aghalabu kile kiti cha katikati kinachojikunja kwa wepesi ili watu wa safu ya tatu watoke, kimewekwa ubavu wa kushoto, ambao kwao ni upande wa ukingo wa njia na kwetu ni upande wa pikipiki. Mzazi aliyesimamisha gari mbele ya shule hujikuta akiwateremsha watoto wake katikati ya msafara. Wako wanaosema kwamba usukani wa kuume ni mazoea tu, na kwa dereva huenda ikawa hivyo, ijapokuwa kulipita lori kwa gari la namna hiyo ni kuomba macho ya jirani. Illa mtoto wa miaka sita hana mazoea. Taa nazo zimekatwa zimulike kushoto, hivyo usiku humulika machoni mwa anayekuja. Kwa sababu hizo, fedha zikiruhusu, gari la safu tatu linunuliwe la usukani wa kushoto, kutoka Ghuba au Marekani, hata likiwa limezidi kuzeeka kwa miaka miwili.

Ukishamaliza ndani, lala chini. Jipu la safu tatu lina mkia mrefu nyuma ya magurudumu, nao ndio unaogonga ubao wa pantoni wakati wa kushuka, hasa mto ukiwa umepungua na ubao umeinama sana. Chunguza ukingo wa chini wa bampa, ncha ya ekzosi, na tairi la akiba kama limetundikwa tumboni: michubuko ya kale yenye kutu husema gari lilikokuwa likipita. Pakia watu wanne wazito nyuma, utazame pengo baina ya tairi na mwili. Likizibika hata vidole viwili visipite, springi zimechoka. Uzito si jambo la kubahatisha. Watu saba wa kilo 65 ni kilo 455, na gunia la kilo 50 juu yake ni 505. Na magari ya Marekani yamebandikwa penye nguzo ya mlango wa dereva karatasi inayotaja kilo ambazo abiria na mizigo kwa jumla wasizizidi. Isomwe kabla ya kufikiria kuweka chuma cha kupakilia juu ya paa.

Kuhusu nasaba ya gari, usiiulize kwa mdomo, isome. Vanguard yenye ACA33W katika kibao chake huendeshwa na magurudumu manne, na yenye ACA38W huendeshwa na mawili ya mbele tu; zote mbili huuzwa kwa maneno yale yale, na kama kibao kimeng'olewa, chungulia chini uone kama iko difu ya nyuma. Gari la Marekani au la Ghuba lina namba yenye tarakimu na herufi 17, na katika lile la Marekani ya kumi ndiyo ya mwaka: 8 ni 2008, A ni 2010, B ni 2011. Tairi nazo zina namba nne za mwisho, wiki na mwaka, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi tano za miaka mitano tofauti ni dalili ya mwenye gari aliyekuwa akinunua kwa shida, na aliyenunua tairi kwa shida hakubadili oili kwa wakati.

Injini nitaipita upesi, kwa kuwa mafundi waijuao ni wengi. Ile ya lita 2.4 ya Vanguard, iitwayo 2AZ, baadhi yake hula oili. Ipimwe asubuhi ikiwa baridi, na moshi wa buluu utazamwe mtu akikanyaga baada ya kuiacha ikinguruma kimya. Ile ya lita 3.5, 2GR, ni imara mno, lakini za mwanzo zilikuwa na bomba la oili lenye kipande cha mpira ambacho huweza kupasuka na kuimwaga oili yote. Hakikisha limebadilishwa likawa la chuma tupu. Kluger ya V6 ina mkanda wa taiming, si mnyororo, basi kama hakuna ithibati ya lini uliwekwa, ubadilishwe. Vanguard ya 2.4 ina giaboksi ya mkanda, nayo hudai oili yake maalumu, ambayo mara nyingi itakubidi uivushe mto. Na injini za mazuti za kisasa, zenye pua nyembamba za kunyunyizia, sizipendekezi kwa mtu anayejaza kwa chupa za vijana wanaoitwa Kadhafi, kwani takataka kidogo huziua pua hizo, na bei ya nne mpya huweza kumfanya mtu azimie.

Basi nikitakiwa nitaje, nitasema hivi. Mwenye watoto wadogo wasiozidi miaka kumi na miwili, asiyetoka mjini, Vanguard ya ACA33W yamtosha. Mwenye watu wazima sita nyumbani atafute Highlander iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2008, maana usukani wake uko kushoto na safu yake ya tatu hukalika. Mwenye shamba njia ya Opala, anayepita huko mara kwa mara na mizigo, huyo anunue Prado, na wale wa nyuma wavumilie. X-Trail na Outlander sizilaumu, illa vipuri vya Toyota hupatikana ng'ambo siku ile ile, na vyao hungojwa.

Juu ya bei, ila za injini dalali huzijua na amekwisha kuziingiza katika hesabu yake, lakini za safu ya tatu hazijui, naye huzipuuza. Kwa hiyo ndizo zenye faida kuzitaja mwishoni, moja moja, akiwa amekwisha kutamka kwamba gari halina kasoro. Kiti kisichofunga, mkanda uliokwama, tundu lisilopuliza: kila kimoja kipimwe kwa gharama ya kukiagiza Kampala au Dubai, ijumlishwe na nauli, iondolewe katika bei, na mkanda uliokwama uwe umekwisha kubadilishwa kabla ya fedha kutoka mkononi.