Transalp: breki ya mbele ina mlezi

Injini ya Honda XL750 Transalp sina ugomvi nayo. Silinda mbili, cc 755, nguvu za farasi 92. Kwenye lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay utabaki unatabasamu ndani ya helmeti. Gia laini, shokapu nzuri. Basi.

Kilichoniudhi ni ABS, ile kompyuta inayozuia tairi kufunga unapobana breki. Waliounda pikipiki hii wamekuruhusu kuizima nyuma tu. Mbele, huzimi. Pekua menyu upendavyo kwenye kile kioo cha rangi: utakuta hadi mpangilio uliopewa jina la changarawe, na hata kinga ya tairi la nyuma kuteleza unaruhusiwa kuiondoa. Lakini breki ya mbele ina mlezi, na mlezi huyo haendi likizo.

Mnaopita njia za udongo za huku mnajua kinachofuata. Mteremko mkali, udongo mwekundu, juu yake kokoto zinabingirika kama kahawa kwenye kichanja. Uko gia ya pili. Unabana breki ya mbele kwa vidole viwili. Tairi likiburuta kidogo, kokoto hujikusanya mbele yake zikawa kabari, mwendo ukapungua. Kompyuta haijui kabari ni nini. Inaona tairi linataka kusimama, inaachia, likizunguka, inabana, likigoma tena, inaachia. Mkono wa breki unatetemeka vidoleni kama simu iliyozimwa sauti, na kilo 208 zinazidi kuteremka huku mbuzi wa watu wanakutazama.

Atasema mtu: tairi la mbele likifunga kabisa, chini. Kweli, na kwenye lami yenye mvua ABS siigusi. Nadai kitufe, sijadai ing'olewe. Wala asijifiche mtu nyuma ya sheria ya Ulaya, iliyoanza kulazimisha ABS kwa pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 mwaka 2016. Yamaha Ténéré 700 inauzwa hukohuko Ulaya, na yenyewe unazima mbele na nyuma.

Zamani haikuwa hivi. Honda XL 125 ya mabwana shamba na mapadre ilikuwa na breki za ngoma, waya mmoja mbele, na kiki. (Ndiyo, kiki. Nitaililia mpaka nife.) Nguvu haikuwa nayo. Ila ulipobana ilibana, ulipoachia iliachia. Padre alishuka milima ya Umatengo na mvua ya Machi, kanzu kaikunja kiunoni, kidole kimoja juu ya breki, anasikiliza tairi.

Tanki lita 16.9, linatosha. Tairi za tyubu wengine wanazilaumu. Mimi nazisifu, maana fundi wa kuziba pancha hakosekani kijiweni.

Mimi ni mtu wa Honda tangu enzi za XL. Inaniuma kuandika kwamba kushuka mteremko wa Lituhi ningechukua Yamaha.