Mkono Unaojua Kungoja

Tarehe 3 Desemba 1967, mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikiza Louis Washkansky moyo wa msichana aliyegongwa na gari. Dunia ikapigwa na butwaa. Mgonjwa aliishi siku 18 kabla ya nimonia kumchukua, na Barnard akabaki na jina lisilofutika. Sina ugomvi na sifa hizo, kwani alithubutu. Lakini ninayemstahi zaidi ni mwenzake aliyesoma naye upasuaji Minnesota, Norman Shumway, ambaye alikuwa ameiandaa kazi ile kwa miaka minane na kwa habari hizo akajua kwamba ametanguliwa.

Shumway aliingia Chuo Kikuu cha Stanford, California, mwaka 1958. Yeye na daktari kijana aliyekuwa chini yake, Richard Lower, hawakuanza kwa nia ya kuhamisha moyo. Walichotaka kujua ni kama baridi inaweza kuukinga. Waliusimamisha moyo wa mbwa, wakauogesha maji ya chumvi yaliyopozwa sana, mashine ikiendelea kusukuma damu mwilini, wakahesabu dakika. Saa nzima ilipita hivyo mikono ikiwa haina kazi. Husimuliwa kwamba wakaona heri waitumie saa hiyo kuukata moyo na kuushona tena palepale. Wakagundua kuwa kuurudisha moyo wa mbwa yuleyule ni kugumu, maana ukishaukata kingo zinazobaki za kushonea ni finyu. Ni nafuu uchukue wa mbwa mwingine, uukate kwa ukarimu. Ndivyo utafiti ulivyogeuka upandikizaji, kwa uchoshi wa kusubiri na kwa kukosa nyama ya kutosha ukingoni.

Hapa mshono unastahili kuangaliwa kwa karibu. Damu ya mwili huuingia moyo kwa mishipa miwili mikubwa, ile ya mapafu kwa minne, kisha hutoka kwa miwili mingine, aota na ateri ya mapafu. Anayetaka kuunga yote mmoja mmoja ana maungio manane, na moyo ulio nje ya kifua hauna subira hiyo. Hata leo, ukiwa barafuni, hupewa takriban saa 4 tu. Shumway na Lower waliuacha ukuta wa nyuma wa vyumba vya juu vya moyo wa zamani mahali pake, pamoja na mishipa sita inayoingilia hapo. Moyo mgeni ukapasuliwa nyuma na kushonewa kwenye ukuta huo, ukingo kwa ukingo. Maungio manane yakawa manne. Wazo hilo lilikuwa limejaribiwa London pia, nami sioni kwamba linawapunguzia kitu, kwani London halikuzaa mbwa aliyeamka, akala, akatembea.

Mshono wa namna hii una tabia ya kalafati ya jahazi: ukiutazama chombo kikiwa pwani kavu unaonekana safi, na hukumu yake hutoka siku ya kushushwa majini. Koleo lililoibana aota likishafunguliwa, damu hurudi kwa nguvu yake yote. Tundu lililo mbele ya moyo litazibwa kwa uzi mmoja. Lililo nyuma, huwezi kulifikia bila kuuinua moyo unaodunda, na ukiuinua unaweza kuusimamisha. Kwa hiyo mshono wa nyuma hushonwa kwanza, na hushonwa kama vile hautaonekana tena.

Mwaka 1960 walitangaza matokeo. Mbwa 5 kati ya 8 waliishi kati ya siku 6 na 21, bila dawa yoyote ya kushusha kinga ya mwili. Walipokufa na kupasuliwa, mishono ilikuwa mizima. Kilichowaua ni miili yao wenyewe, iliyoutambua moyo kuwa mgeni na kuushambulia. Wapasuaji wengi wangeona wameshamaliza sehemu yao. Shumway aliona kwamba sindano ndiyo ilikuwa kazi ndogo.

Zamu yake ya kumfanyia binadamu ilifika tarehe 6 Januari 1968, na mgonjwa aliishi takriban wiki mbili. Mwaka huohuo hospitali nyingi duniani zilikimbilia upandikizaji wa moyo. Upasuaji kama 100 ukafanywa, wengi wa wagonjwa wakafa ndani ya miezi michache, na waliokuwa wakipigania nafasi mbele ya kamera wakafunga virago. Vituo vilivyoendelea vilihesabika kwa vidole. Stanford ilikuwa kimojawapo, nami naamini kwamba miaka hiyo ya ukimya ndiyo iliyoujenga ufundi huu.

Mfano ni kazi ya Philip Caves, mpasuaji kutoka Ireland Kaskazini aliyekuwa Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alibuni kikoleo chembamba cha kupitishwa kwenye mshipa wa shingo hadi chumba cha kulia cha moyo, kikanyofoa chembe ya nyama isiyozidi punje. Chembe hiyo ikitazamwa kwa hadubini huonyesha kama kinga imeanza kushambulia, siku kadhaa kabla mgonjwa hajahisi lolote. Hadi hapo madaktari walikuwa wakipapasa gizani, dawa ikizidi wanaua kwa maambukizi, ikipungua wanaua kwa kinga. Kisha mwishoni mwa 1980 Stanford ilianza kutumia siklosporini, dawa ya kushusha kinga iliyotokana na kuvu wa udongo wa Norway, na hapo ndipo vituo vilivyokuwa vimefunga milango vikaanza kurudi kimoja kimoja.

Nisiwapambe mno. Lower alikuwa amehamia Richmond, Virginia, na mwaka 1968 timu ya huko ilichukua moyo wa kibarua Mweusi aliyeumia kichwa, bila idhini ya ndugu zake, ambao duka la mmoja wao halikuwa mbali. Mahakama iliwaachilia madaktari mwaka 1972. Mkono mwepesi haufuti deni la namna hiyo, na asifuye kazi hii hana budi kulitaja.

Kuhusu Shumway mwenyewe, waliofunzwa naye husema alisimama upande wa pili wa meza na kumwachia mwanafunzi kisu, akijiita msaidizi bora kuliko wote. Mpasuaji kutoa kisu ni jambo gumu, muulize yeyote aliyewahi kukishika.

Moyo wa kupandikiza, hata hivyo, humngoja mtu mwingine afe, na wagonjwa daima ni wengi kuliko mioyo. Mwaka 1984 Stanford ilimweka mgonjwa kwenye pampu iliyoitwa Novacor ikamvusha mpaka moyo ukapatikana. Pampu za wakati huo ziliiga mapigo, zikajaa na kujikamua, nazo zilikuwa kubwa na zenye kuchakaa. Daktari Richard Wampler alikuwa ameona jambo jingine nchini Misri: wakulima wakizungusha kwa mkono parafujo ndani ya bomba ili kuinua maji hadi shambani. Kwa nini damu isipande hivyo? Alionywa kwamba parafujo itazisaga chembe za damu. Mwaka 1988, huko Houston, mpasuaji O.H. Frazier aliitumia pampu ya Wampler kwa binadamu, na damu haikusagwa.

Kutokana na njia hiyo ya kusukuma damu mfululizo kuna watu leo wanaotembea, kupika na kubishana nyumbani, ilhali muuguzi akiwashika kifundo cha mkono huenda asipate mapigo. Bei yake si ndogo. Waya hutoka tumboni kwenda kwenye betri, dawa za kuzuia damu kuganda humezwa kila siku, na hofu ya kiharusi haiondoki. Hata pampu za kizazi cha kabla yake, zilizopimwa kwa wagonjwa 129 wasioweza kupandikizwa, ziliwaacha hai asilimia 52 baada ya mwaka mmoja, dhidi ya 25 ya waliopewa dawa tu.

Kisha kuna Magdi Yacoub, mzaliwa wa Bilbeis, Misri, aliyepandikiza mioyo mingi sana Harefield, Uingereza. Yeye na wenzake walijiuliza kama moyo uliopumzishwa na pampu unaweza kupona. Waliwapa wagonjwa pampu pamoja na mpango mkali wa dawa, wakangoja, wakipima mara kwa mara nguvu ya moyo wenyewe. Mwaka 2006 walitoa taarifa ya wagonjwa 15, na 11 kati yao mioyo yao ilipata nguvu kiasi cha kuondolewa pampu. Kwingine mavuno yamekuwa haba, na mpasuaji mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Hata hivyo, katika kazi zote za mikono nilizozitaja, hii ndiyo ninayoiweka juu: kukifungua kifua mara ya pili ili kuitoa kazi yako mwenyewe, na kumwachia mtu moyo aliozaliwa nao.