Uasili wa Taarab ya Tanga: Maoni Juu ya Albamu ya Nyota

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa albamu iitwayo Nyota: Classic Taarab from Tanga, yenye nyimbo za vyama viwili vya mji huo, Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club. Nyimbo zenyewe hazikuwa mpya. Vyama hivyo vilikwisha kuziimba miaka mingi nyuma kwa ajili ya santuri ndogo za chapa ya Mzuri ya Mombasa, maana Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na watu wa mwambao walikwisha kuzisikiliza mpaka sindano zikachoka. Kilichokuwa kipya kilikuwa ni neno moja tu katika jina la albamu, lile neno la Kiingereza lenye maana ya kitu bora kilichoshinda mtihani wa wakati kikawa kipimo cha vingine. Nataka kulitazama neno hilo, kwa kuwa limetuingia pia sisi tusomeshao Kiswahili, ingawa tumelivika kanzu ya kwetu na kuliita “asilia”.

Wanafunzi wangu husema bila kusita kuwa taarab ya Tanga ndiyo taarab asilia, tofauti na ile ya miaka ya 1990 na baadaye, ya akina East African Melody na vinanda vyao vya umeme na mipasho yao. Nikiwauliza asilia kwa maana gani, hunijibu kuwa ni ya zamani, ni safi, haikuchanganywa na kitu. Jibu hilo si kweli hata kidogo, na ubaya wake hauishii katika historia. Humfanya msikilizaji aziheshimu nyimbo hizo kama aheshimuvyo kaburi, asisikie kile kilichofanywa ndani yake.

Ili jambo hili lionekane vema, naomba msomaji anivumilie nimpeleke Marekani kwa kitambo kidogo. Nilipokuwa masomoni ng’ambo nilikaa na watu waliopenda mno albamu za kale za muziki wa kantri, na hasa za ule uitwao Bluegrass. Waliuzungumza kama jambo lililoteremka milimani pamoja na mababu, muziki wa ukumbini mwa nyumba za mbao, usiokuwa na mtungaji wala tarehe. Nilipoanza kusoma habari zake nilishangaa. Jina lenyewe limetokana na bendi ya mtu mmoja, Bill Monroe wa Kentucky, aliyeiita bendi yake Blue Grass Boys, akaanza kusikika nayo katika redio ya Nashville, kwenye kipindi cha Grand Ole Opry, mwaka 1939. Ile sauti ya banjo inayopigwa kwa vidole vitatu, ambayo leo ndiyo alama ya muziki huo, iliingia katika bendi yake mwishoni mwa mwaka 1945 alipojiunga nayo kijana Earl Scruggs, na santuri zilizoiweka imara zilirekodiwa mwaka 1946 na 1947. Kubwa zaidi ni hili: mapema mwaka huohuo wa 1945 bendi ilirekodi ikiwa na akodiani, iliyopigwa na mwanamke, Sally Ann Forrester. Baadaye wapenzi wa uasili waliisahau akodiani hiyo. Leo mtu akipanda nayo jukwaani miongoni mwao atatazamwa kama aliyeingia msikitini na viatu.

Muziki wa Bluegrass, basi, ulikuwa uvumbuzi wa watu wanaojulikana kwa majina, uliofanywa kwa ajili ya redio na santuri, na ni santuri hizohizo zilizoufanya uonekane mkongwe. Nasema taarab ya Tanga ina hali iyo hiyo.

Wala si ajabu kuwa na hali moja, kwa kuwa mashine zilizozaa hali hizo zilikuwa za ukoo mmoja. Mwezi wa Agosti mwaka 1927, mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, Ralph Peer aliwarekodi Carter Family na Jimmie Rodgers kwa ajili ya kampuni ya Victor. Mwaka uliofuata, 1928, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa chapa ya His Master’s Voice. Chapa zote mbili zilikuwa na picha ileile ya mbwa asikilizaye honi. Mkulima wa Virginia na mvuvi wa Pangani wangeweza kumtambua mbwa yule bila kujuana wao kwa wao. Njia hiyo ilipitisha mizigo huku na huko: mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet, Kenya, wakimwimba kiumbe nusu mtu nusu paa waliyemwita Chemirocha, na jina hilo halikuwa jingine ila la Jimmie Rodgers, aliyekwisha kufa tangu mwaka 1933. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliuona uzito wa santuri mapema. Wasifu aliomwandikia Siti ni wa mtu ambaye sauti yake imekwisha kutengana na mwili wake ikaenda peke yake majumbani mwa watu.

Narudi Tanga. Mji ule haukuwa mji wa waimbaji wa kale waliofungiwa peke yao. Reli ilianza kujengwa kutoka hapo mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge uliletwa nchini. Mashamba ya mkonge yakavuta watu wa bara, Wanyamwezi na wengineo, wakachangamana na Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wazigua na Wasambaa. Kwa hiyo Tanga ilikuwa mji wa dansi kabla haijasifika kwa taarab. Huko ndiko walikopiga Atomic Jazz. Huko ndiko Young Nyamwezi walikogeuka kuwa Jamhuri Jazz. Vijana wa Black Star walikulia katika vumi la magitaa hayo, na walipounda chama cha taarab hawakuona sababu ya kuyaacha mlangoni. Wakayaingiza magitaa ya umeme, na gitaa la besi, mahali ambapo Unguja, tangu kuundwa kwa Ikhwani Safaa mwaka 1905, pameshikwa na udi, kanuni na fidla kwa mfano wa Misri. Kwa kipimo cha Unguja huo haukuwa uasili. Ulikuwa uasi.

Mpaka hapa nimesema habari ambazo mwanahistoria wa muziki angeweza kuzisema vizuri kuliko mimi. Linalonihusu kama mwanaisimu ni lile lililoupata ushairi.

Shairi la taarab aghalabu lina beti za mishororo mitatu, kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane, ingawa bahari nyingine zipo. Katika mtindo wa Misri sauti ina ruhusa ya kuichukua silabi moja, kuizungusha, kuipandisha na kuishusha, huku vyombo vikiifuata. Uzuri wake haukanushiki, lakini mizani hupotea masikioni; msikilizaji hushika maana kwa kuwa alikwisha kulijua shairi, au kwa kuwa atalirudia kesho. Gitaa la Tanga haliwezi kungoja hivyo. Lina mapigo yake sawasawa, kama hatua za mcheza dansi, na mwimbaji hana budi kuyagawa maneno juu ya mapigo hayo, silabi moja kwa noti moja kwa sehemu kubwa ya wimbo, akiachia nafasi baina ya vipande ambayo gitaa huijaza.

Hapo ndipo taabu inapoanza, na ndipo ufundi unapoonekana. Nitatunga mfano mwenyewe, usio na thamani ya kishairi, ili nisimhukumu mtunzi yeyote. Chukua mshororo huu: “Mtu mwema hakawii, akiitwa huitika.” Hesabu mizani za kila kipande utapata nane, maadamu m ya mtu ni mizani kamili. Sasa piga meza kwenye mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Mkazo wa kila neno, ambao kwa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili toka mwisho, utaangukia pigo bila kukosa: m ya mtu, mwe ya mwema, wi ya hakawii, kisha i ya pili katika akiitwa, na ti ya huitika. Lakini badili kipande cha kwanza useme, “Rafiki mwema hukaa.” Mizani ni nane vilevile, na kwa kanuni za shairi hakuna kosa. Walakini mkazo wa rafiki umekaa juu ya mizani ya pili na wa mwema juu ya ya nne, nje ya mapigo yote mawili. Ni neno la mwisho tu linaloafikiana na pigo, kwani mizani ya saba ndiyo silabi ya pili toka mwisho wa kipande, nayo hupata mkazo daima isipokuwa kipande kikiishia kwa neno la silabi moja.

Mshairi wa karatasi hana habari na mgongano huu. Mwimbaji wa mtindo wa Misri huukwepa kwa kuyanyosha mapigo. Mwimbaji wa Tanga hukutana nao uso kwa uso, na jawabu lake, kama nisikiavyo, ni kuchelewa. Huingia nyuma kidogo ya pigo, akaliacha gitaa litangulie, akayapanga maneno katikati ya kipande kwa mwendo wa maongezi, kisha akafika kwenye mizani ya saba pamoja na vyombo, kama mtu aliyepita uchochoroni akatokea barabarani kwa wakati. Kwa sikio langu hakuna aliyelifanya hilo kwa utulivu kama Shakila Saidi, ambaye jina lake lilitoka katika Black Star kabla hajahamia Dar es Salaam. Sauti yake si kubwa. Nguvu yake ipo katika kukataa kuharakishwa.

Mwimbaji wa kantri hakutwishwa mzigo huu. Kiingereza huhesabu mikazo, na silabi dhaifu huenda na kurudi zipendavyo. Sara Carter aliweza kutia silabi mbili mahali pa moja na asionekane amekosea. Na bendi ya Monroe husukuma mbele ya pigo, kama gari-moshi linaloteremka mlima, ilhali Tanga huvuta nyuma. Nimewahi kusikia ikisemwa kuwa huo ni uvivu wa watu wa mwambao. Hasha. Ni hesabu ya lugha yenyewe.

Lipo jingine nilihusishalo na magitaa hayo, nalo ni usanifu wa maneno. W. H. Whiteley alipoandika juu ya Kimtang’ata mwaka 1956 alionyesha lahaja ya Mrima yenye sura yake. Katika nyimbo za Tanga sura hiyo ni nadra kuisikia. Linganisha na Mombasa, ambako Juma Bhalo aliimba Kimvita bila haya wala tafsiri, mara nyingi kwa mashairi ya ndugu yake Ahmad Nassir na kwa tuni zilizochukuliwa katika filamu za Kihindi. Naamini watunzi wa Tanga waliandika kwa wasikilizaji waliokuwa nao, yaani mji wa makabila mengi uliojifunza Kiswahili kazini na sokoni. Tumepata nyimbo zinazoeleweka toka Moshi mpaka Tabora. Tumepoteza, katika santuri hizo, ladha ya Tongoni na Pangani, na sioni kwa nini tulifiche pato wala hasara.

Sitaki nionekane nimeisifu albamu bila kasoro. Upande wa santuri ndogo ni dakika chache, na shairi lenye beti nyingi halina budi kukatwa. Hoja hufungwa kabla haijaiva, na kiitikio hubeba mzigo usiokuwa wake. Zaidi ya hayo, jina lililo juu ya jalada ni la vyama. Katika taarab mwenye shairi na mwenye sauti aghalabu ni watu wawili, na wa kwanza ndiye apoteaye. Wamarekani nao hawakuwa watakatifu katika jambo hili. A. P. Carter alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za watu na kuzisajili kwa jina lake, na aliyefuatana naye kuzikariri tuni, Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi, hakuandikwa popote kwa miaka mingi. Hata hivyo wao wamekwisha kumtafuta Riddle, wakamrekodi, wakamrudishia sehemu yake. Sisi tuna tasnifu nyingi juu ya fumbo na taashira katika taarab ambamo beti zimenakiliwa kwa uangalifu na kuandikwa chini yake jina la chama tu, kana kwamba vyama hutunga.

Shakila alifariki mwezi wa Agosti mwaka 2016. Muhula uliopita nilicheza wimbo mmoja wa albamu hii darasani, nikawataka wanafunzi wahesabu mizani kwa kugonga meza. Walihesabu vema, hata m na n zilizosimama peke yake. Kisha binti mmoja kutoka Muheza akauliza mtunzi ni nani, akachukua jalada, akaligeuza pande zote mbili, akanirudishia. Nilimwambia kuwa Ngamiani bado wapo wazee wajuao, na kwamba nauli ya basi toka kwao si kubwa.