Sauna Baada ya Kengele

Kila nikifungua mwongozo wa Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei iliyotahiniwa KCSE, mimi humtafuta Sauna kwanza. Mara nyingi nampata ameshapangiwa sifa: katili, mnafiki, mlaghai. Ile ya kubakwa na baba wa kambo inakuja baadaye, alama moja tu chini ya maudhui.

Matei hakumwandika hivyo. Kwenye riwaya, mama anajua. Anamsaidia bintiye kuavya mimba, kisha anataka mambo yaishie hapo. Kunyamaza huko ndiko kunamtoa Sauna nyumbani, hadi mikononi mwa Bi Kangara, mfanyabiashara wa watoto.

Sasa fikiria Kidato cha Tatu, wanafunzi 50, na mmoja wao yamemkuta ya Sauna. Anamsikia mwalimu akisema, "Sauna ni mwovu, toa ithibati." Kengele inalia. Wengine wanatoka, yeye anabaki. Mwalimu atamwambia nini?

Chuoni alifunzwa kuchambua tashbihi, na ni sawa. Lakini afunzwe pia asimuulize alikuwa amevaa nini. Asimwahidi kwamba itabaki siri, maana waraka wa TSC wa 2010 unamtaka aripoti, hata mshukiwa akiwa mwalimu mwenzake. Ajue hospitali ni ndani ya saa 72, ili dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zifae. Ajue 1195 hupigwa bure.

Bila hayo, huyo mtoto atakuwa amempata tu mama mwingine wa Sauna, huyu akiwa ameshika chaki.