Kijani cha Kalenda

Picha yangu ya kwanza ya rangi za mafuta ilikuwa ya mashamba ya chai, na ilikuwa mbaya. Nilikamua kijani kutoka kwenye tyubu, nikakipaka nusu ya kanvasi, nikaweka mbingu ya buluu juu, basi. Jirani yangu akaiangalia, akasema, "Iko sawa, lakini inakaa kama pakiti ya majani." Nilinuna siku mbili. Halafu nikakubali.

Ukiishi Kericho unajua kijani cha chai si kimoja. Asubuhi yenye ukungu kinaegemea buluu. Yale majani mawili na chipukizi yanayochumwa yana umanjano; chini yake majani makuukuu yanakaribia weusi. Mvua ya alasiri ikija, kila kitu kinakuwa kijivu. Nikaitupa ile tyubu, nikaanza kuchanganya manjano na buluu, kisha tone la nyekundu ya udongo. Bila hiyo nyekundu, kijani kinapiga kelele kama plastiki. Na kwa vile mafuta hukauka polepole, hasa kwa baridi yetu, unapata muda wa kujuta na kurekebisha.

Lakini bana, rangi ilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine nilifunguliwa macho na Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984. Yeye huchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Buganda. Lubugo ina matundu na mishono, naye haifichi. Tundu likiangukia mahali pabaya, picha ndiyo inayopaswa kujipanga upya.

Tazama The Fourth Estate ya 2017. Watu wamepanda mti kwenye mkutano wa siasa. Mchoraji wa kalenda angeuacha ule mti uwe pambo la mandhari. Armitage ameujaza watu mpaka mandhari yenyewe ikawa habari. Nina lalamiko moja: rangi zake wakati mwingine ni tamu mno, unameza uchungu kabla hujausikia ulimini. Ila labda huo ndio mtego wake. Unavutwa na urembo, halafu unagundua uko katikati ya vurugu.

Nikarudi kwa picha yangu nikaona kilichokosekana: hapakuwa na mtu hata mmoja. Na chai haina hata inchi moja isiyoguswa na mtu. Mchai ukiachwa hukua ukawa mti mrefu. Ule usawa tunaousifu, kama meza iliyotandikwa kitambaa, upo kwa sababu hukatwa na kuchumwa ubaki kwenye kimo cha mkono. Huo mpangilio ni wa wachumaji, mimi niliunakili tu, tena bila kuwataja.

Na chini ya kijani kuna historia. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Talai, ikawapeleka Gwassi. Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho na watu walioziona zikila kazi yao. Ukijua hayo, mteremko mtupu wa kijani hauwezi tena kuitwa mandhari tulivu. Utupu nao ni uamuzi wa mchoraji.

Kwa hivyo nimeanza nyingine. Nimepaka kanvasi yote nyekundu ya udongo kwanza, nikapandisha upeo wa macho karibu na ukingo wa juu, ili chai ikujie usoni na mbingu isikupe pa kukimbilia. Kijani kinakuja juu yake kidogo kidogo, na kuna sehemu nimeziacha wazi nyekundu ichungulie. Mchumaji wa mbele bado ananishinda. Mikono yake inatoka migumu kama vijiti. Jirani amepita tena jana. Safari hii hakutaja pakiti. Aliuliza, "Huyu ni nani?"

Sina jibu bado, lakini swali ni zuri kuliko lile la kwanza.