Kazimoto Hakuwa na wa Kumjibu: Kichwamaji na Suala la Chama cha Wenye Fikra Huru Chuoni

Utangulizi

Kesi ya Kazimoto imeshasikilizwa mara nyingi, na hukumu yake kila mwanafunzi wa fasihi anaijua. Ukiulizwa kwenye mtihani utaandika hivi: Kazimoto ni msomi aliyekengeuka, elimu aliyoipata imemtenga na jamii yake, amemezwa na udhanaishi, hatimaye anajiua kwa sababu haoni maana ya maisha. Utapata alama zako na utakwenda zako. Nasi hatulikatai jibu hili lote. Lakini ndani yake kuna fundisho la pembeni ambalo walimu wetu wa sekondari walipenda kulitolea sauti: mwaona basi, mtu akianza kuhoji Mungu na mila, mwisho wake ndio huo.

Makala hii inakusudia kulipinga fundisho hilo. Tunadai kwamba Kazimoto hakuangamizwa na kufikiri kupita kiasi. Ameangamizwa na kufikiri bila kujibiwa. Tofauti ya mambo haya mawili si ndogo, hasa kwa sisi ambao tumejaribu kuendesha kikundi cha wanafunzi wenye fikra huru hapa chuoni na tumeona kwa macho yetu jinsi kinavyoweza kufa.

Kazimoto na nafsi ya kwanza

Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao likizo. Anakuta mkuu wa wilaya ni Manase, kijana mwenzake waliyekuwa wakijuana. Manase amemharibia dada yake, Rukia. Msiba unaingia nyumbani. Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, lakini kisasi kinageuka mapenzi na mapenzi yanageuka ndoa. Ugonjwa ulioanzia kwa Manase unaifikia nyumba yake pia, ndipo tunapokutana na mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Jina la riwaya linabeba yote mawili: maradhi ya mtoto na maradhi ya msomi.

Sasa hebu tutazame fani, maana wengi wetu hukimbilia maudhui kama watu wanaowahi daladala. Riwaya hii imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Ni Kazimoto anayetuambia alichokiona, na ni yeye huyohuyo anayetuambia kina maana gani. Watu wengine wapo na wanazungumza: yupo mama, yupo Kalia mdogo wake, yupo Sabina, yupo Manase. Lakini maneno yao yote yanapita kichwani mwa Kazimoto kabla hayajatufikia sisi. Anapotilia shaka Mungu na maana ya maisha, hakuna mtu ndani ya hadithi mwenye nguvu ya kumkamata mkono na kumwambia, "Ngoja kwanza bwana, hilo la pili halitokani na hilo la kwanza." Wanakijiji wanamheshimu kwa kuwa ni msomi, au wanamshangaa kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayeheshimiwa na kushangaliwa hajibiwi.

Jambo hili ndilo tunaloliona kuwa kiini cha riwaya. Shaka ya Kazimoto ilikuwa halali. Aliyeona yaliyompata Rukia ana haki ya kuuliza haki iko wapi duniani. Lakini shaka isiyojibiwa huacha kuwa swali, ikawa hukumu. Kazimoto alianza na swali akaishia na hukumu, na kati ya hayo mawili hapakuwa na kikao.

Mlimani, 1967 hadi 1970

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akapita seminari ya Nyegezi, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1970. Tarehe hizo zina maana. Miaka aliyokuwa akisoma pale Mlimani ndiyo miaka ya kikundi cha wanafunzi kilichojulikana kwa kifupi cha USARF, yaani umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi wa Kiafrika, kilichoanzishwa mwaka 1967. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda mwaka 1986. Walter Rodney, mwalimu wa historia, alikuwa karibu nao. Kikundi kiliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili, saa ambazo wenzao wengine walikuwa kanisani. Mwaka 1969 kikaanza kutoa jarida la Cheche, ambalo wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji.

Msomaji ataniambia: hao walikuwa wanamapinduzi, siyo wafikiri huru. Ni kweli, walikuwa na itikadi yao na waliishika kwa mikono miwili. Lakini tujifunze jinsi walivyofanya kazi. Mwaka 1970 Issa Shivji, akiwa mwanafunzi, aliandika katika Cheche makala ndefu juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania. Makala hiyo haikuachwa ikasifiwa tu. Wasomi wengine, Rodney akiwemo, waliijadili na kuihoji, na ilipochapishwa kama kitabu na Tanzania Publishing House mwaka 1973 ilitoka pamoja na majibu hayo. Yaani swali na jibu vilikaa ndani ya jalada moja. Huyo ni mwanafunzi aliyepewa heshima ambayo Kazimoto hakuipata: heshima ya kupingwa na mtu aliyekwishamsoma vizuri.

Mwisho wa USARF unajulikana. Novemba 1970 serikali ilikipiga marufuku kikundi pamoja na jarida lake. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwepo na ulitosha, na kwamba jina la Cheche lilifanana na la Kirusi, kana kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa watu wengine. Mwaka uliofuata likazaliwa jarida la MajiMaji chini ya tawi la Umoja wa Vijana, na mjadala ukaendelea kwa jina jingine. Kwa hiyo amri ya kukifunga kikundi haikuua hoja. Hili tuliweke akilini, maana baadaye tutaona kinachoua hoja kweli.

Mwandishi na wapinzani wake

Watu husema fikra huru ni bidhaa ya kuletwa na meli, kwamba Mswahili hana utamaduni wa kuhojiana. Wapi! Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa miji hiyo. Malumbano ni utanzu kamili katika ushairi wetu. Na sharti lake kubwa ni hili: anayejibu lazima amwelewe anayemjibu, maana mara nyingi atatumia mizani na vina vyake vilevile. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake kama hukumsikiliza.

Kezilahabi mwenyewe alionja malumbano hayo. Mwaka uleule wa 1974 alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wanamapokeo walimjia juu. Wakasema hayo si mashairi, ni mazoea ya kizungu, ni uvivu. Naye na wenzake wakajibu. Mgogoro wa ushairi ukaendelea kwa miaka mingi, na mpaka leo tunaufanyia mitihani.

Tazama basi kinyume hiki. Mwaka mmoja, mwandishi mmoja, vitabu viwili. Ndani ya riwaya kuna mtu asiye na wa kumjibu, naye anajiua. Nje ya riwaya kuna mwandishi mwenye wapinzani tele, naye aliendelea kuandika, akatupa Nagona na Mzingile, ambamo maswali yaleyale ya Kazimoto yanaulizwa tena kwa upana zaidi, hadi alipofariki mwaka 2020. Sisemi kwamba UKUTA na wanamapokeo wenzao ndio waliomweka hai Kezilahabi. Nasema tu kwamba mpinzani ni chakula cha fikra, na Kazimoto alikufa na njaa.

Kikundi chetu

Sasa nije kwetu. Tulikuwa saba tulipoanza, tukikaa kwenye vimbweta jioni baada ya vipindi. Watatu walikuwa wameacha dini zao, mmoja alikuwa hajui, wawili walikuwa wakisali kama kawaida lakini walipenda mabishano, na mmoja, msichana wa masomo ya sayansi, alikuwa mcha Mungu hasa aliyekuja kwa nia ya kutuokoa. Mabweni yalitubatiza jina siku ya tatu: makafiri. Tukakutana na yale yanayokikuta kila kikundi cha namna hii. Fomu ya usajili inadai mlezi mwalimu, na walimu wanakwambia "wazo zuri, lakini mtafuteni mwingine." Fomu inauliza madhumuni, ukiandika "kuhoji kila kitu" inarudi. Ibara za 18, 19 na 20 za Katiba zinalinda maoni, imani na kujumuika, lakini Katiba haikupi mlezi. Jirani zetu Kenya wanalijua hili: chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa mwaka 2016, na mwaka huohuo usajili ukasimamishwa, baadaye kikaruhusiwa tena kuendelea.

Lakini, ndugu msomaji, si fomu iliyotuua. Mwezi wa tatu yule msichana aliacha kuja. Alisema amechoka kuchekwa, na kwa kweli tulikuwa tunamcheka. Wale wawili waliokuwa wakisali wakamfuata. Tukabaki wanne. Vikao vikawa vitamu kuliko mwanzo. Kila mtu alimalizia sentensi ya mwenzake. Wiki ya nne ya utamu huo hatukuwa na cha kusema, tukaanza kuzungumzia bumu na mpira. Tulikuwa tumejitengenezea Kazimoto mmoja mwenye vichwa vinne.

Likizo nikaenda nyumbani Kwala, nikakuta hitma ya bibi. Baada ya dua baba mkubwa aliniita pembeni. Habari za kikundi zilikwisha kufika. Mtu mmoja wa chuoni alizifikisha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, nasikia nyie mnasema Mungu hayupo. Sasa bibi yako yuko wapi?" Nilikuwa nimesoma vitabu, nilikuwa na hoja za vikao vitatu. Sikuwa na jibu hata moja linaloweza kusemwa mbele ya mkeka wa msiba. Nikamwambia sijui. Akasema, "Hata mimi sijui, ndiyo maana naomba." Tukakaa kimya. Katika miezi yote ya kikundi hakuna aliyenijibu vizuri kuliko yeye, na yeye hakuwa mwanachama.

Hapo nilimfahamu Kazimoto upya. Naye alirudi likizo, naye alikuta msiba. Ila yeye alitoka chuoni akiwa hajazoea kujibiwa, akafika kijijini ambako hawakuthubutu kumjibu.

Pingamizi

Yupo atakayesema: mwenye fikra huru anapingwa kutwa nzima, nyumbani, bwenini, kwenye mahubiri, kikundi kiwe basi mahali pake pa kupumzika. Hoja hii ina uzito na sitaki kuipuuza. Yaliyonifika Kwala yalinifika kwa sababu mtu alitoa siri ya kikao, na wengine nyumba zao si za upole kama ya baba mkubwa. Kwa hiyo sharti la kwanza la kikundi lazima liwe kwamba linalosemwa kikaoni linabaki kikaoni. Asiyeweza hilo asije.

Lakini mapumziko na makubaliano ni vitu viwili. Kupingwa bwenini ni kuzomewa, huko hakuna anayekusikiliza. Kujibiwa ni kitu kingine: mtu amekaa, amekusikia hadi mwisho, ameirudia hoja yako kwa maneno ambayo wewe mwenyewe unayakubali, ndipo anakwambia umekosea wapi. Hilo halipatikani bwenini wala mihadharani. Kikundi kisipolitoa, hakina kazi.

Hitimisho

Tunaanza tena muhula huu, na tumekubaliana mambo machache. Hakuna mada bila mjibu mada, na mjibu mada ateuliwe kati ya wasiokubaliana naye. Mwenyekiti abadilike kila mwezi. Hatutapiga kura juu ya Mungu, kwa sababu kura hufunga mjadala. Na yule msichana wa sayansi tumemwendea, tukamwomba radhi. Amesema atafikiria. Jibu hilo, kwa kikundi chetu, ndilo hasa tulilostahili.

Kwa wahakiki wenzangu nasema hivi: tuache kumtumia Kazimoto kama sanamu la kutishia ndege shambani. Riwaya haitwambii kwamba anayehoji atakufa. Inatuonyesha nyumba, kijiji na chuo ambamo kijana mmoja alihoji kwa miaka na hakuna aliyevuta kigoda akakaa naye. Tukishamsoma hivyo, swali linahama kutoka kwake na kuja kwetu tuliobaki.